Mbwa wakubwa wanaharibiwa na haraka ya wanaowafuga

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wanaofuga mbwa wakubwa wenye nguvu, na zaidi na wale wanaojiandaa kuchukua mtoto wa Rottweiler, Boerboel, Great Dane, Cane Corso, Dobermann au German Shepherd. Sisi ni madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa. Tunayoyaona mara kwa mara ni haya: mbwa anayechechemea kabla hajatimiza mwaka, mbwa mwenye miguu ya mbele iliyopinda, mbwa aliyemng'ata mtoto wa nyumba ileile inayomlisha. Wengi wao hawakuzaliwa na kasoro hizo. Waliharakishwa. Mwenyewe alitaka mwili mkubwa uonekane katika miezi sita, na ukali uonekane hata kabla ya hapo.

Mtoto wa Great Dane huzaliwa na uzito unaozidi kidogo nusu kilo. Dume akikomaa anaweza kupita kilo 60 na kusimama sentimita 80 hadi 90 begani. Rottweiler dume hufika kilo 50, jike kama kilo 42. German Shepherd dume huwa kati ya kilo 30 na 40, na Boerboel anaweza kuvuka kilo 70. Mbwa mdogo humaliza kukua katika miezi minane hadi kumi na miwili, lakini hawa huchukua miezi 18 mpaka 24. Muda wote huo ncha za mifupa yao mirefu zina tabaka la gegedu laini, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Gegedu hilo likibebeshwa uzito kabla ya wakati wake, hupasuka au hugeuka mfupa bila mpangilio. Ndipo huja bega linalouma, kiwiko kisichokaa sawasawa na nyonga iliyolegea. Mifupa ikishafunga, kilichopinda kimeshapinda, na kinachobaki ni upasuaji au dawa za maumivu maisha yote.

Kosa kubwa kuliko yote, na linalofanywa kwa nia njema kabisa, ni kumwongezea mtoto wa mbwa kalsiamu. Watu huona mifupa mikubwa, wakadhani inahitaji vidonge na unga wa mifupa juu ya chakula ambacho tayari kimekamilika. Mbwa mzima akila kalsiamu nyingi, utumbo wake hupunguza kiasi unachofyonza. Mtoto aliye chini ya miezi sita hana uwezo huo wa kujizuia, na sehemu kubwa ya anachopewa huingia mwilini atake asitake. Matokeo yake ni gegedu lisilokomaa vizuri na viungo vinavyovimba. Chakula cha kiwandani kinachofaa ni kile kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wakubwa, chenye kalsiamu asilimia 1.0 hadi 1.5 ya uzito mkavu (yaani uzito wa chakula bila maji yaliyomo), na kwa vyovyote isizidi 1.8. Uwiano wake na fosforasi uwe kati ya 1.1 na 1.5 kwa 1. Takwimu hizo huandikwa kwenye mfuko, na kama hazipo, muulize mtengenezaji. Ukishapata chakula cha namna hiyo, usiongeze kitu cha mifupa wala vitamini D.

Kosa la upande wa pili ni nyama tupu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, hivyo mwili hulazimika kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake wenyewe ili damu isipungukiwe. Mtoto aliyelishwa hivyo kwa wiki kadhaa huanza kusita kutembea, hulia akishikwa mgongoni, na mfupa wake unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kitini. Anayetaka kumpikia mbwa wake nyumbani aende kwa daktari wa mifugo akapigiwe hesabu ya kila aina ya chakula kwa gramu. Si jambo la kukisia.

Na kiasi je? Kipo kikokotoo rahisi ambacho kila mfugaji anaweza kukitumia kwenye simu yake. Chukua uzito wa mbwa kwa kilo, uuzidishe wenyewe kwa wenyewe uwe mara tatu (kilo 20 ni 20 × 20 × 20), kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu mara mbili mfululizo. Zidisha unachopata kwa 70. Hizo ndizo kilokalori anazohitaji akiwa amelala tu. Mbwa mzima aliyehasiwa zidisha tena kwa 1.6, na mtoto aliyevuka miezi minne zidisha kwa 2. Mtoto wa kilo 20 anapata takriban kilokalori 1,320 kwa siku. Kama chakula chake kina kilokalori 3,600 kwa kilo, hiyo ni gramu 370 hivi, zikigawanywa katika milo mitatu. Mbwa mzima wa kilo 50 aliyehasiwa hufika kama 2,100, yaani gramu 585. Pima kwa mzani, maana kikombe hudanganya: mtu mmoja hukijaza mpaka kifurike, mwingine husawazisha juu. Mpaka miezi mitatu mpe milo minne kwa siku, mpaka miezi sita mitatu, na baada ya hapo miwili maisha yake yote.

Hata hivyo kikokotoo ni mahali pa kuanzia tu, na mkono ndio unaoamua. Kila wiki mwekee mbwa viganja viwili ubavuni bila kukandamiza, ukivipeleka nyuma na mbele. Sasa papasa mgongo wa kiganja chako mwenyewe kilichonyooshwa, ambapo mifupa inahisika chini ya ngozi nyembamba. Mbavu za mbwa zinatakiwa zihisike hivyo hivyo. Zikihisika kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa, na mtoto aliyenenepa ndiye huyo huyo ambaye wageni humsifu kwamba "anakua vizuri". Ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane nyuma ya mbavu, na ukimtazama kwa ubavu tumbo lipande kuelekea mapajani. Labrador 48 walifuatiliwa tangu utotoni hadi kufa, nusu yao wakilishwa robo pungufu ya wenzao. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwafika wakiwa wamezeeka sana. Uchache wa chakula haukuwapunguzia umbo walilorithi. Vivyo hivyo, mtoto mwembamba atafikia ukubwa wake ule ule, ila atachelewa miezi michache.

Mazoezi nayo yana namna yake. Utafiti uliofanywa Norway kwa watoto wa aina nne kubwa ulionyesha kwamba waliopandishwa na kushushwa ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walipata zaidi ugonjwa wa nyonga, na walioachwa wazi kucheza nje kwenye ardhi laini isiyo tambarare waliupata kidogo. Kwa hiyo mwache acheze, achimbe, asimame akichoka, lakini usimkimbize kwa kamba pembeni ya baiskeli wala kumfanya aruke hewani kufuata mpira. Akishuka garini mbebe au mwekee ubao wa kuteremkia mpaka atimize mwaka na nusu. Kuhasi nako kusiharakishwe. Kwa Rottweiler, German Shepherd na wenzao, kuhasiwa kabla ya mwaka mmoja kumeonekana kuongeza matatizo ya viungo, kwa sababu homoni za uzazi ndizo zinazoamrisha gegedu la ukuaji lifunge. Zungumza na daktari kuhusu kusubiri mpaka mwaka au zaidi, na wakati huo dume na jike watenganishwe kwa ukuta, si kwa ahadi.

Tunataka sasa wasomaji wasome kwa makini habari ya tumbo kujipindua, kwa sababu hapa saa moja inaweza kuamua uhai. Mbwa wenye kifua kirefu na chembamba, Great Dane akiwa wa kwanza, wana tumbo linaloning'inia kwa kulegea. Likijaa gesi hupanda na kujizungusha, likaziba njia ya juu na ya chini kwa pamoja. Gesi haitoki, chakula hakipiti, mishipa mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo inakandamizwa, na mara nyingi wengu huburutwa katika msokoto huo. Dalili ya kwanza si tumbo kubwa. Dalili ya kwanza ni mbwa asiyetulia: anakaa, anainuka, anageuza kichwa kutazama ubavu wake, anajaribu kutapika tena na tena lakini kinatoka povu jeupe tu, au hakitoki kitu. Baadaye ndipo tumbo huvimba nyuma ya mbavu na kulia kama ngoma ukiligonga kwa kidole. Inua mdomo uangalie fizi. Zikiwa zimepauka au zimekuwa za kijivu, mwili umeanza kushindwa.

Ukiona mbwa mkubwa anajaribu kutapika bila mafanikio, mpakie garini umpeleke na umpigie daktari ukiwa njiani, hata kama ni usiku wa manane. Usimpe mafuta, usimpe maji, usimkande tumbo, usingoje asubuhi. Daktari atatoa gesi kwa mpira kupitia kooni au kwa sindano nene ubavuni, atampa maji ya mshipa, kisha atafanya upasuaji wa kulirudisha tumbo mahali pake na kulishona kwenye ukuta wa ndani wa mwili. Ushonaji huo ndio unaozuia lisirudie. Wasiposhonwa, zaidi ya nusu hupinduka tena. Wengi wanaofikishwa mapema huishi. Mshono huohuo unaweza kufanywa kabla tatizo halijatokea, siku ya kuhasiwa, na kwa Great Dane tunaupendekeza bila kusita. Zaidi ya hapo, kinachosaidia ni milo miwili au mitatu badala ya mmoja mkubwa, kumpunguzia mbwa kasi ya kula kwa bakuli lenye vizuizi ndani, na kumpumzisha saa moja au mbili baada ya kula. Zile sahani zinazowekwa juu ya vibao virefu hazikuonekana kukinga, na uchunguzi mmoja mkubwa uliziona zikiongeza hatari. Mwekee chini. Na kama mzazi au ndugu wa mtoto unayemnunua alishapatwa na hali hii, hatari yake ni kubwa zaidi, basi muulize muuzaji waziwazi.

Kwa muuzaji kuna mengine ya kuuliza. Omba picha za eksirei za nyonga na viwiko vya wazazi wote wawili, zilizopigwa wakiwa na mwaka mmoja au zaidi, na kwa aina kubwa sana mwaka mmoja na nusu. Kwa Dobermann na Great Dane omba kipimo cha moyo, kwani misuli ya moyo yao huwa na tabia ya kutanuka na kudhoofu, na Dobermann anaweza kuanguka na kufa bila kuonyesha dalili kabla. Dobermann pia hupimwa kasoro ya damu kutoganda, ambayo mara nyingine hugunduliwa mezani kwa daktari, damu ikiwa imeshaanza kumwagika. Mtazame mama mzazi akiwa na watoto wake. Mama anayejificha au anayewarukia wageni kwa woga huwafundisha watoto woga huo. Na mtoto asitolewe kwa mama kabla ya wiki nane, kwa sababu ndugu na mama ndio wanaomfunza kupima nguvu ya meno yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye akili, ambako haraka hufanya uharibifu mbaya zaidi. Mtoto wa mbwa ana kipindi cha wiki ya 3 hadi takriban ya 14 ambacho ubongo wake hupokea kila kipya kama kitu cha kawaida. Baada ya hapo, kipya huwa cha kutiliwa shaka. Samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa ubichi wenyewe ni hizo wiki chache. Anatakiwa aone watu wenye kofia, wazee wenye fimbo, watoto wanaokimbia, pikipiki, miavuli inayofunguka, sakafu ya vigae, na mkono wa mtu mgeni ukishika sikio lake, mdomo wake na kucha zake. Kila mara apate kipande cha chakula, na asisukumwe kukaribia anachokiogopa, asogee mwenyewe. Kwa kuwa chanjo bado hazijakamilika, mbebe mikononi mahali palipopitwa na mbwa usiowajua, na umpeleke kwenye nyumba zenye mbwa waliochanjwa. Virusi vya parvo, vinavyoleta kutapika na kuhara damu, huishi ardhini kwa miezi mingi, na watoto wa Rottweiler na Dobermann huumizwa navyo kuliko wengi. Chanjo ianze wiki ya 6 hadi ya 8 na irudiwe kila wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16 au zaidi. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyoinyonya kwa mama huizima chanjo, na hakuna anayejua kwa kumtazama tu kinga hiyo itaisha siku gani.

Badala ya hayo, watu wanaotaka mbwa wa ulinzi humfungia mtoto gizani mchana kutwa, humpiga, humchokoza kwa fimbo, wengine humlisha pilipili au baruti wakiamini zitampa ukali. Pilipili humchoma utumbo na baruti ni sumu. Giza na kipigo humfanya mwoga, na mbwa mwoga mwenye kilo 50 hana uwezo wa kubagua. Hamng'ati mwizi kwa sababu ni mwizi. Anamng'ata yeyote anayesogea ghafla, na anayesogea ghafla mara nyingi zaidi ni mtoto wa nyumbani. Mnyororo huongeza hatari hiyo, kwa kuwa mnyama aliyefungwa ameondolewa njia ya kukimbia na kubakiwa na meno tu. Mbwa mlinzi mzuri ni yule anayejua kawaida ya nyumbani kwake kwa undani, hivyo kisicho cha kawaida kinapotokea anabweka na kusimama imara. Mwili wake na sauti yake vinatosha, na hahitaji kufundishwa kushambulia.

Asili ya kila aina husaidia kumwelewa. Rottweiler alitokana na mbwa waliokuwa wakiswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya wachinjaji katika mji wa Rottweil, Ujerumani, ndiyo maana hukuegemea na kukusukuma kwa bega. German Shepherd, aina iliyowekewa msingi mwaka 1899 na Max von Stephanitz, ni mchungaji wa kondoo, na jicho lake hufuata kila kinachokimbia. Dobermann, mbwa wa mtoza ushuru wa mji wa Apolda, Ujerumani, Louis Dobermann, alikusudiwa awe ubavuni kwa mtu, kwa hiyo akitupwa uani peke yake huharibikiwa haraka. Bullmastiff alizalishwa Uingereza amwangushe jangili na kumshikilia bila kumrarua. Kangal wa Uturuki hulinda kondoo usiku bila amri ya mtu, huamua mwenyewe, na asiyetaka mbwa wa namna hiyo asimchukue halafu akalalamika kwamba si mtiifu.

Mbwa kabla ya kung'ata huwa amesema mara nyingi. Hulamba midomo hali hana chakula, hupiga miayo, hugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana pembeni, mwili hukakamaa, halafu hunguruma. Mkia unaotikisika juu, mgumu, kwa kasi, si furaha. Anayempiga mbwa kwa kunguruma anamfundisha kuacha onyo peke yake, na kilichomkera kinabaki pale pale. Akinguruma, simama, mpe nafasi aondoke, kisha tafuta sababu: sikio linauma, bakuli limeguswa, mtoto amemlalia. Kuhusu bakuli, ile tabia ya kumnyang'anya mbwa chakula "ajue nani mkubwa" ndiyo hasa inayomfundisha kulilinda. Pita karibu anapokula, dondosha kipande cha nyama ndani, endelea na safari yako. Baada ya wiki chache mkono unaokaribia bakuli huwa ni habari njema kwake. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa mkubwa, hata mbwa mpole kuliko wote, hata kwa dakika ya kwenda kufungua mlango.

Utembeaji wa kamba ufunzwe akiwa na kilo 10, kwa kuwa akifika kilo 50 utakuwa unashindana misuli na mnyama mwenye miguu minne. Tumia kamba ya kitambaa imara ya mita 1.8 na mkanda wa kifuani wenye pete mbele. Kamba ikikaza, simama kabisa. Asogee au ageuke na kamba ilegee, msifu na endelea. Siku za mwanzo mtatembea hatua ishirini kwa dakika kumi, na ndivyo inavyotakiwa. Mnyororo wa kukaba shingo huumiza koo, na mbwa anayekabwa kila anapomwona mbwa mwenzake huunganisha maumivu na mwenzake huyo. Funza kwa vipindi vya dakika tatu hadi tano: keti, ngoja, njoo, acha. Kati ya miezi 8 na 18 atakuwa kama aliyesahau yote. Huo ni ujana, na ndio umri ambao wengi hutupwa au hufungwa mnyororo. Rudi kwenye masomo ya mwanzo, usiongeze ukali. Kifunga mdomo cha wavu, kinachomruhusu kuhema na kunywa, kila mbwa mkubwa akizoeshwe mapema kwa kuwekewa chakula ndani, ili siku akivunjika mguu daktari aweze kumhudumia.

Kwa makazi, uzio uwe mita 1.8 au zaidi, chini yake uingie ardhini sentimita 30, na lango liwe na komeo la upande wa nje asiloweza kulikanyaga likafunguka. Sakafu ya saruji bila tandiko huvimbisha viwiko vya mbwa wazito: huanza ngozi kuota sugu, kisha hujitokeza mfuko wa maji. Tandiko nene la sentimita 10 linazuia. Maji ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani lita mbili na nusu hadi tatu kwa mbwa wa kilo 50, na zaidi wakati wa joto. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuungua, na mbwa wakubwa hupoza mwili polepole, hasa wenye pua fupi na walionenepa. Akihema kwa kelele, akitoa ute mzito, akiyumba, mmwagie maji mwili mzima papo hapo mahali penye upepo, endelea mpaka aheme kwa utulivu zaidi, ndipo umpeleke kwa daktari. Kumfunika kitambaa chenye maji na kumwacha nacho hakusaidii, kwani kitambaa hupata joto na kulifungia ndani.

Minyoo: dawa kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili mpaka ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, baadaye kila miezi mitatu. Kupe nao wasipuuzwe, hasa kwa German Shepherd, kwani homa iletwayo na kupe wa kahawia humpiga vibaya kuliko aina nyingine, akatokwa damu puani na kuishiwa nguvu. Dawa ya ivermectin kwa dozi za ng'ombe isitumiwe kwa mbwa yeyote. Baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na huzimia.

Kichaa cha mbwa tunakitaja peke yake. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa muda ulioandikwa kwenye chanjo yenyewe. Mtu akiumwa na mbwa, awe wa jirani au wake mwenyewe, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, bila kupaka kitu kingine cha kienyeji, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo huua karibu kila anayeupata.

Mbwa hawa huzeeka mapema. Great Dane wa miaka sita au saba ni mzee. Wakati huo akichechemea mguu mmoja na hali isipungue ndani ya wiki mbili, asichukuliwe kwamba "amejipinda tu". Saratani ya mifupa huwapata sana mbwa wakubwa, karibu na kifundo cha mguu wa mbele, begani au gotini, na eksirei ndiyo inayoionyesha. Wakati mkisubiri eksirei hiyo msimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofen na diclofenac hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa, na paracetamol huharibu ini na damu. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hupimwa kwa kilo zake, na daktari wa mifugo anazo.

Wenu,
Madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa